Vidole vikigoma: namna ya kumalizana na siku mbovu za gitaa, hasa kwa sisi wa huku kwenye baridi

Kamwene wana nyanda za juu. Kuna swali naulizwa sana na watu wanaojifunza gitaa, kuanzia Mwanjelwa mpaka huko Njombe. Mtu anakwambia jana nilipiga vizuri kabisa, kodi (zile noti unazobonyeza kwa pamoja, kama G, F au Em) zilikuwa zinabadilika zenyewe, leo nashika gitaa vidole kama si vyangu, G inatoa sauti ya bati, F ndo usiseme, sasa shida ni nini, au mimi sina kipaji? Jibu langu ni lile lile kila siku: kabla hujavihukumu vidole uliza kwanza vimetoka wapi. Vimetoka kwenye baridi? Shambani? Kwenye beseni la nguo? Jana ulilala saa ngapi? Na gitaa lenyewe likoje? Mara nyingi ukikagua hivyo unakuta siku mbovu ina sababu yake kabisa ya kuonekana kwa macho na habari za kipaji hazimo.

Naongea na wewe wa gitaa kavu, ambaye labda uko kwenye mwaka wa kwanza, unapigia kwaya au unapigia geto kwako. Wa gitaa la umeme mengi yatawafaa pia, ila nyie nyuzi zenu ni laini, mateso yenu ni madogo.

Anza na baridi

Video nyingi za kufundisha gitaa amerekodi mtu aliyekaa kwenye chumba chenye joto lake. Hakuna anayekwambia habari za saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba pale Uyole, au Makambako upepo ukiwa unapiga, au Makete ambako kuna siku unaamka unakuta umande umeganda juu ya majani. Mbeya mjini na Iringa zote ziko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, Njombe ndo inakaribia 2,000, kwahiyo kuanzia Juni mpaka Agosti mkono wako wa asubuhi sio mkono wako wa saa nane mchana, na ukiupima kwa kipimo kimoja unajionea bure.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui, misuli mikubwa inayokunja vidole haipo kwenye vidole, iko huku juu kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, kwenye vidole zimepita kano tu. Ndo maana mtu anapasha vidole kwenye kikombe cha chai, vidole vinakuwa vya moto lakini bado vizito, kwasababu huku juu amevaa tisheti na misuli imeganda. Vaa sweta. Kama mkono wa sweta unakusumbua kwenye gitaa chukua soksi ndefu ya zamani, kata pale mbele, ivae kuanzia kifundo mpaka kiwiko. Unaonekana kituko, lakini inafanya kazi kuliko glavu zilizokatwa vidole.

Maji ya vuguvugu dakika mbili tatu yanasaidia ila ukishatoa mkono kausha vizuri na usubiri kidogo, maana ngozi iliyolowa inakuwa laini na uzi wa chuma unaichana. Hii ndo sababu ukitoka kufua au kuosha vyombo vidole vinauma hata kwenye kodi nyepesi kama Em. Mimi napendelea joto kavu, kikombe cha chai cha bati ukikishika kwa mikono miwili, au weka viganja kwapani dakika kadhaa huku unaangalia kodi za wimbo. Jiko la mkaa sawa, lakini mlango uwe wazi maana moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua watu kila msimu wa baridi, na gitaa likae mbali kabisa, joto linalegeza gundi na daraja (kile kibao cha kifuani kinachoshika nyuzi) linabanduka ukiwa unaangalia.

Af kuna hili la kutyun, yani kukaza na kulegeza nyuzi mpaka sauti zikae sawa. Baridi inakaza nyuzi za chuma, sauti inapanda, ukiingia ndani kwenye joto zinalegea, sauti inashuka. Mtu katoka na gitaa mgongoni toka Igawilo mpaka Kabwe asubuhi, anafika anakaa anapiga bila kutyun, kila kodi inasikika mbovu, anaanza kubadilisha vidole, anakandamiza zaidi, anapagawa. Shika gitaa, liache lizoee chumba kama robo saa, halafu tyun. Tyuna za bure kwenye simu zipo kibao. Siku mbovu nyingi zinaishia hapa hapa, sio utani.

Kagua gitaa kabla hujajikagua wewe

Magitaa mengi ya bei ya chini yanatoka dukani nyuzi ziko juu sana. Hilo sio tatizo la mwanafunzi, ni tatizo la gitaa, na linaua watu wengi kwenye muziki kuliko uvivu. Chukua rula, simama pale freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo, hesabu kuanzia kichwani), pima kutoka juu ya chuma cha freti mpaka chini ya uzi wa 6, ule mnene. Ikiwa kama milimita 2.5 uko vizuri. Ikifika 4 basi ndugu yangu unafanya mazoezi ya kubeba zege.

Kuna sehemu ya pili ambayo ndo adui wa F. Kile kipande cheupe cha plastiki au mfupa pale shingo inapokutana na kichwa, kile chenye vijia vya nyuzi. Bonyeza uzi kwenye freti ya 3, halafu angalia pale juu ya freti ya 1, ule upenyo kati ya uzi na chuma unatakiwa uwe mdogo kiasi kwamba unauona kwa shida. Ukiona upenyo mkubwa, vijia viko juu, na hapo hata mtu aliyepiga gitaa miaka ishirini F itamtoa jasho. Fundi anayejua anachonga vijia taratibu kwa tupa nyembamba, na kile kipande cha kwenye daraja anakisugua msasa kwa chini. Usiende kwa fundi wa vitanda ukamwachia tu, akizidisha kidogo nyuzi zinaanza kugonga kwenye freti na hapo unanunua kipande kipya.

Huna fundi? Weka kapo (kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni) freti ya 1 au ya 2 ufanyie mazoezi hapo hapo, nyuzi zinashuka mara moja. Kapo huna? Penseli na mpira wa tyubu ya baiskeli, laza penseli juu ya nyuzi nyuma kidogo ya freti, zungushia mpira ukaze. Sio nzuri kwa kubadilisha haraka kanisani ila nyumbani inatosha. Na unaweza kushusha tyuning yote nusu sauti au sauti nzima, nyuzi zinalegea, vidole vinapumua, halafu ukiweka kapo freti ya 2 kwenye gitaa lililoshushwa sauti nzima unarudi kwenye sauti ya kawaida ukitaka kuimba na wenzako.

Ukibadilisha nyuzi uliza seti inayoanzia 10 au 11, wauzaji wengi wanakupa 12 kwasababu ndo iliyopo. Nyuzi zilizoota kutu tupa, zinakwangua ngozi na hazishiki tyun, na ili zisiote haraka futa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Ila gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni usije ukaliwekea za chuma kwa kutaka sauti kali, mvutano ni mkubwa, daraja litang'oka.

Na msimu nao unacheza na mbao. Huku kwetu mvua ni Novemba mpaka Aprili au Mei hivi, mbao inakunywa unyevu, kifua cha gitaa kinavimba, nyuzi zinapanda. Kiangazi mbao inakauka, nyuzi zinashuka, zinaanza kugonga. Kwahiyo ile sauti ya bati ya mwezi wa nane inaweza isiwe kidole chako kabisa. Piga nyuzi zote bila kubonyeza chochote halafu bonyeza uzi mmoja mmoja kwa uhakika kwenye freti kadhaa, ikigonga sehemu ile ile kila mara hata ukibonyeza vizuri, peleka kwa fundi.

Mkono umefanya kazi gani leo

Hapa ndo pana utamu na watu hawapazungumzii. Mtu wa Dar anayefundisha anadhani mwanafunzi katoka ofisini. Sisi kuna mtu katoka kuvuna viazi, kuna dada katoka kuchuma chai Mufindi au Tukuyu tangu asubuhi, kuna fundi ujenzi, kuna dereva wa bodaboda. Kwa dereva wa boda nina maneno maalum: klachi iko mkono wa kushoto. Yani mkono ule ule unaobonyeza nyuzi umekamua klachi kutwa nzima kwenye milima ya Mbeya, af saa mbili usiku unataka uufundishe F. Hautafundishika. Sio kwamba wewe mbovu, mkono umechoka, na mkono uliochoka ukiulazimisha unajifunza kubana vibaya, bega linapanda, kidole gumba kinakamua nyuma ya shingo, na kesho unaamka na tabia mbaya mpya.

Kwahiyo panga kazi ngumu ya kidole muda ambao mkono ni mzima. Dereva afanye dakika kumi mchana pale kijiweni akisubiri abiria, jua limeshatoka, mkono una joto, usiku abaki na vitu vyepesi. Mchuma chai na mkulima hivyo hivyo, asubuhi kabla ya kutoka hata kama ni dakika kumi na baridi yake (soksi ile!), au siku isiyo ya shamba. Dakika kumi mara mbili kwa siku zinashinda saa nzima ya Jumamosi, hili ukilijaribu wiki mbili hutakaa ubishane nalo.

Ngozi nayo. Wanaoanza, ncha za vidole zinauma wiki mbili mpaka nne hivi halafu sugu inajijenga. Usiibandue, usiing'ate, na usisikilize wale wanaokwambia upige mpaka damu itoke ndo ukomae, malengelenge yakipasuka unakaa siku kadhaa hugusi uzi, umepata nini? Simama kabla ya lengelenge. Kiangazi vidole vya mtu wa jembe vinapasuka, paka mafuta ya mgando usiku ukienda kulala, sio kabla ya kupiga. Kucha za mkono wa kushoto kata fupi kabisa, kuna watu wamehangaika na C miezi kumbe kucha ndo inazuia kidole kusimama wima.

Na vile vidubwasha vya springi vya kukamua ili vidole viwe na nguvu, hela yako bora ununue nyuzi. Gitaa halihitaji nguvu ya kukamua, linahitaji kidole kifike mahali sahihi na kiwe kimetulia.

Kazi ya kidole kimoja kimoja

Jaribio la kwanza nalompa kila mtu: laza kidole juu ya uzi bila kubonyeza, donoa, inatoka sauti iliyokufa. Endelea kudonoa huku unaongeza mkandamizo kidogo kidogo mpaka uzi ulie safi. Simama hapo. Huo ndo mkandamizo unaotakiwa, na karibu wote wanashangaa ni mdogo kiasi gani. Halafu sogeza kidole karibu na chuma cha freti, nyuma yake tu, urudie. Unahitaji nguvu ndogo zaidi. Ukibonyeza katikati ya freti mbili unalipa mara mbili kwa sauti ile ile.

Kidole cha pete na cha mwisho ndo wanaolalamikiwa zaidi. Kwanza elewa kwamba kano za vidole hivyo nyuma ya kiganja zimeungana, ndo maana ukiweka vidole vyote mezani ukajaribu kuinua cha pete peke yake kinagoma. Hilo ni la binadamu wote, sio ulemavu wako. Zoezi lake fanyia mezani ukisubiri chips au ukiwa kwenye daladala juu ya goti, ncha zote tano chini, inua kimoja, rudisha, taratibu, bila vingine kuruka. Kwenye gitaa piga freti nne mfululizo kidole kimoja kila freti, cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho, lakini anzia freti ya 7 au ya 5 na sio ya 1, kule juu freti ni nyembamba zaidi na mkono haunyooshwi kupita kiasi. Ukizoea unashuka. Wenye vidole vifupi hii njia ni yenu, na kidole gumba kisimame nyuma ya shingo karibu na usawa wa kidole cha kati, kisichungulie juu, vidole vyenu vitarefuka hapo hapo.

Haya, F. Watu wanalaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita na kukandamiza zote kwa hasira. Angalia vizuri hiyo kodi: uzi wa 5 na wa 4 vimeshikwa freti ya 3 na vidole vingine, wa 3 umeshikwa freti ya 2. Kidole cha shahada kinadaiwa nyuzi tatu tu, wa 6, wa 2 na wa kwanza. Hapo katikati hata kikiwa na bonde hakuna anayesikia. Kwahiyo kigeuze kidogo kilalie ubavu, ule upande wa mfupa, tumbo la kidole lina mikunjo na uzi unaingia humo unakufa. Nguvu itoke kwenye mkono, vuta kiwiko nyuma kidogo kuelekea ubavuni, uzito wa mkono ndo unabonyeza, kidole gumba kinasindikiza tu. Anzia freti ya 5 ambapo umbo hilo hilo ni A, likilia safi shuka 4, 3, kila hatua siku zake, ukifika 1 hutaiogopa. Na wakati unaendelea kujifunza, kwenye nyimbo piga F ndogo ya nyuzi nne, au acha uzi wa kwanza wazi upate ile Fmaj7, hakuna muumini atakayetoka kanisani kwa ajili hiyo.

Kubadilisha kodi, tafuta kidole kisichohama. Am kwenda C vidole viwili havitoki, cha shahada na cha kati, ni cha pete tu kinaruka kutoka uzi wa 3 kwenda wa 5. G ukiipiga na kidole cha pete freti ya 3 uzi wa 2, ukienda D hicho kidole kinabaki palepale, ni nguzo yako. Kwa pambio hizi za G, D, Em, C unaweza kuacha cha pete na cha mwisho vimekaa freti ya 3 kwenye nyuzi mbili nyembamba, wa 2 na wa kwanza, kwenye D ukainua cha mwisho tu kila kidole kikae kwake, vingine ndo vihame, kodi zinapata ladha tamu na mkono haupotei hata ukiwa na baridi. Halafu weka saa ya simu dakika moja, badilisha kodi mbili tu mfululizo, hesabu umebadilisha safi mara ngapi. Andika. Siku mbovu utaona namba imeshuka kidogo tu wakati moyoni ulishajua imeshuka hadi sifuri.

Sasa leo ndo siku yenyewe, ufanyeje

Umepasha mkono, umetyun, nyuzi ziko sawa, na bado hamna kitu. Piga wimbo mmoja unaoujua, mwendo wa nusu ya kawaida. Taratibu mpaka unaona aibu. Ukipita bila kukwama ongeza kidogo. Ukikwama sehemu ile ile usirudie wimbo wote toka mwanzo, hiyo ndo dawa mbaya kuliko zote na kila mtu anaitumia, kata ile sehemu ya kodi mbili tu uifanye yenyewe.

Dakika kumi zikipita vidole vya kushoto vikiwa bado vimenuna, vipumzishe, fanya kazi mkono wa kulia. Laza mkono wa kushoto juu ya nyuzi ziwe bubu, upige mdundo tu: chini chini juu, juu chini juu, au ule wa sita kwa nane wa tenzi, huku unagonga mguu. Wanaojifunza wengi hudhani muziki uko kushoto wakati msikilizaji anasikia kulia kwanza. Mkongo yule Mwenda Jean Bosco alikuwa anadonoa kwa kidole gumba na cha shahada peke yake, viwili tu, na magitaa ya Afrika Mashariki na Kati yamekula kwake miaka na miaka. Siku mbovu za kushoto mkizitumia hivi mtajikuta mko na mkono wa kulia mzuri kuliko watu wenye siku nzuri kila siku.

Au weka gitaa pembeni kabisa, sikiliza wimbo ufuatishe besi kwa mdomo, uone inahama lini. Hayo ni mazoezi.

Na ukiamua kulala, lala. Ubongo unaendelea kupanga yale mavidole ukiwa umelala, ndo maana kitu kilichokataa Jumanne usiku Jumatano kinakuja chenyewe kama hakikuwahi kukataa. Mtu anayekesha akirudia kosa mara mia analifundisha kosa. Malizia na kitu kimoja kilichotoka safi, hata kama ni Em peke yake, funga.

Jirekodi kwenye simu siku hizi mbovu lakini usisikilize hapo hapo, sikiliza baada ya siku mbili, hasira ikiwa imeisha. Mara nyingi utasikia mtu anayepiga kawaida tu. Ila kama ubovu unaendelea wiki ya pili na ya tatu hiyo sio siku mbovu tena, kuna kitu kimekaa vibaya, badilisha wimbo, badilisha nyuzi, au mtafute mtu akuangalie mkono ukipiga maana wewe mwenyewe huoni kifundo chako kimepinda.

Maumivu nayo yatofautishe. Ncha ya kidole kuwaka, kawaida. Mkono wa juu kuchoka, kawaida, pumzika. Maumivu kwenye kiungo, kwenye kifundo, chini ya kidole gumba, au ganzi na vijisindano hasa vinavyokuamsha usiku, hapo acha gitaa na uende hospitali, usikandie kwa dawa ya kuchua halafu ukaendelea kupiga.

Waliopoteza kidole wananiuliza pia, huku kwetu mashine za mbao Mafinga zimekata wengi. Inawezekana, ila gitaa utalibadilisha likufuate wewe. Mpiga gitaa Tony Iommi wa Birmingham, Uingereza, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani akiwa na miaka 17, na yeye anapiga kushoto kwahiyo vilikuwa vidole vya kubonyezea. Aliyeyusha chupa ya plastiki akatengeneza vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyepesi, baadae akashusha na tyuning. Kabla yake mpiga gitaa mwingine, Django Reinhardt, aliungua kwenye moto mwaka 1928, cha pete na cha mwisho vikabaki vimekunjamana, solo zake akazipiga kwa viwili. Ona walichofanya: nyuzi nyepesi, tyuning chini, vidole vichache. Ndo yale yale tuliyoyaongea hapo juu.

Siku mbovu ikiangukia Jumapili

Hii ndo inayotisha, ibada ya kwanza, kanisa kubwa la baridi, vidole vimekufa na mpiga kinanda kaamua leo tunaimba kwa ufunguo wa Eb kwasababu sauti ya kwanza wameomba. Usiende kugombana na kodi za kulaza kidole saa moja asubuhi. Eb weka kapo freti ya 1 upige maumbo ya D. Ab, kapo freti ya 1 upige maumbo ya G. Bb, kapo freti ya 3, maumbo ya G. F, kapo freti ya 3, maumbo ya D, au ya 1 na maumbo ya E. Bandika hizo kwenye ubavu wa gitaa kwa karatasi kabisa.

Mwambie mwalimu wa kwaya mapema, Alhamisi kwenye mazoezi sio Jumapili mlangoni, na muulize ufunguo wa kila wimbo ili kapo ujue inakaa wapi. Asubuhi yenyewe kaa na mikono ndani ya koti mpaka karibu na zamu yenu, tyun upya mkishaingia maana watu wakijaa kanisa linapata joto na nyuzi zinalegea. Na wimbo ukikushinda kasi usikimbizane nao, piga pigo la kwanza la kila kodi tu uliache lilie, kinanda na ngoma zitajaza, kwenye kibwagizo ukiona mkono umechangamka ndo uingie na mdundo kamili.